Lahaja Hazionekani Dirishani mwa Basi

Kila mwaka chama chetu huandaa ziara ya Lamu. Michango hukusanywa kwa shida, basi hukodiwa, na baada ya safari ya usiku na mchana wanafunzi hushushwa Mokowe, wakavushwa kwa boti, wakapiga picha mbele ya ngome, wakasikiliza mhadhara mmoja kuhusu Kiamu, na siku ya tatu wakaanza kurejea. Kisha ripoti huandikwa. Nimezisoma ripoti za miaka kadhaa. Mojawapo niliiandika mimi mwenyewe, kwa hiyo sina haki ya kumcheka mwenzangu. Zote zinaeleza kwamba tulifika Lamu. Hakuna hata moja inayoeleza tulipita wapi.

Tulipita bonde la Mto Tana. Basi lilisimama Minjila kwa muda wa dakika 15 hivi, watu wakanunua maembe na kutafuta choo, dereva akapiga honi, tukaondoka. Katika dakika hizo 15 tulikuwa tumekanyaga ardhi ambayo wanaisimu wanaihesabu miongoni mwa makao ya kale ya lugha zilizo ndugu wa damu wa Kiswahili, ardhi ya Fumo Liyongo, ardhi iliyotoa lahani ya wimbo wetu wa taifa. Tukarudi garini tukilalamika kwamba maembe yalikuwa ghali.

Makala haya yanakusudia kutoa hoja moja tu: kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kulipita bonde la Tana polepole, na kwamba chombo kinachofaa zaidi kwa kazi hiyo ni baiskeli. Najua hoja yenyewe yaweza kudhaniwa ya mzaha. Mhadhiri wangu mmoja, nilipomdokezea, aliniuliza kama nimebadilisha kozi na kujiunga na idara ya utalii. Namwomba yeye, na wewe ndugu msomaji, mnivumilie kwa kurasa hizi chache.

Nianze na nyumbani, maana hoja yangu imezaliwa huko. Mimi ni mzaliwa wa Mkokoni, kijiji cha Wabajuni kilichoko bara, kikitazamana na kisiwa cha Kiwayu, kando ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Kwetu hatuna mto wa kujivunia. Maji tunayategemea visima na jabia za kukingia mvua, na riziki iko baharini. Katika vitabu vya isimu lahaja yetu, Kitikuu, hutajwa katika kundi la lahaja za kaskazini, ikapewa mistari mitatu au minne, kisha mwandishi akaendelea na Kiamu na Kimvita zenye mashairi mengi yaliyochapishwa. Simlaumu mtu. Lakini mwanafunzi anayetoka Mkokoni huisoma mistari hiyo mitatu kama mtu anayejitafuta katika picha ya harusi akakuta ameonekana sikio tu.

Nilipokuwa darasa la tatu nilichapwa kwa kusema "muchu". Mwalimu alitaka "mtu". Hakuwa mtu mbaya, na wala hakuwa mgeni wa pwani. Aliamini kwamba ananisaidia kufaulu mtihani, na kwa kweli nilifaulu. Ila tangu siku hiyo nilijua kwamba "muchu" ni kosa, kama vile kuandika bila nukta. Sauti ile ya "ch" ambayo wazee wetu huitamka mahali ambapo Kiswahili sanifu kina "t", wakasema "chachu" kwa maana ya "tatu", niliiweka nyumbani pamoja na nyavu. Ilinichukua miaka 14 na shahada moja kuambiwa darasani kwamba ile ni mabadiliko ya sauti ya kawaida, yenye kanuni, yanayofuatana katika lahaja nzima bila kubahatisha. Niliambiwa hivyo na kitabu. Hakuna aliyewahi kunionyesha.

Jambo la pili la nyumbani linahusu njia. Kutoka Mkokoni kwenda Lamu sisi hupanda mashua. Ipo njia ya nchi kavu inayokwenda hadi Hindi kupitia misitu ya Dodori na Boni na vijiji vya Waboni kama Basuba na Milimani, lakini njia hiyo kwa miaka mingi imekuwa ya magari ya jeshi na mabomu ya kutegwa ardhini. Wazee wetu walivihama vijiji vya bara katika vita vya Shifta vya miaka ya 1960, wengine wakarudi, wengine hawakurudi tena. Septemba 2011 mtalii Mwingereza aliuawa na mkewe akatekwa nyara katika hoteli ya ufukweni iliyokuwa jirani na kijiji chetu. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na viungani mwake. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha Operesheni Linda Boni. Kwa hiyo mtu wa rika langu amekua akijua kwamba bara ni mahali pa kutazamwa kutoka majini. Baiskeli tulikuwa nazo mbili tatu pale kijijini, tukaziendesha ufukweni maji yakitoka, mchanga ukiwa mgumu, kutoka mwisho mmoja wa kijiji hadi mwingine. Zaidi ya hapo hapakuwa na pa kwenda.

Ndiyo sababu neno "matembezi ya starehe" lilinishtua nilipolisikia mara ya kwanza chuoni. Kwetu mtu husafiri kwa kuwa ana mgonjwa, ana kesi, ana harusi au ana samaki. Kusafiri ili kutazama, na tena kwa makusudi ya kuchelewa, ni jambo ambalo ungelazimika kulieleza sana.

Nililifanya mwezi Februari 2023, mwishoni mwa ule ukame mrefu ulioanza mwaka 2020. Nilinunua Lamu baiskeli kuukuu, mojawapo ya zile nyeusi nzito za Kihindi ambazo nchi nzima inaziita Black Mamba, yenye kerieri ya chuma, kengele isiyolia na breki moja. Nilivuka nayo hadi Mokowe. Pale niliambiwa kwa upole na askari kwamba sehemu ya kutoka hapo hadi ng'ambo ya Witu magari hupita kwa ulinzi, na kwamba hakuna ulinzi wa baiskeli. Ikafungwa juu ya basi. Nikakaa dirishani, nikaiona Hindi ikipita, nikauona mchepuko wa Mpeketoni ukipita, nikaiona Witu ikipita. Witu, ambako Ahmad Fumoluti aliyeitwa Simba alihamishia dola ya Wanabahani baada ya kushindwa Pate. Witu iliyoingizwa chini ya himaya ya Wajerumani mwaka 1885 na kuchomwa moto na Waingereza mwaka 1890: niliitazama kwa muda wa kunywa nusu chupa ya maji. Mimi mzaliwa wa Lamu nilianza kuendesha baiskeli nilipokwisha kutoka nje ya Lamu.

Nilianzia Minjila. Kutoka hapo nilikwenda Garsen, nikarudi, nikashika njia ya Tarasaa, nikafika Golbanti panapokumbukwa mauaji ya mwaka 1886 ya mmisionari Houghton na mkewe, kisha Ngao. Yote hayo kwa siku sita, umbali ambao gari laweza kuumaliza kabla ya chakula cha mchana. Nilikwenda mwendo wa kilomita 10 kwa saa, wakati mwingine chini ya hapo, kwa kuwa miiba ya mgunga haina heshima na tairi kuukuu. Nilipata pancha nne. Napenda kulisisitiza jambo la pancha, kwani ndilo lililonifundisha zaidi.

Pancha ya kwanza ilinipata karibu na Tarasaa, mbele ya kibanda cha fundi aliyekuwa na beseni la maji, pampu, gundi na vipande vya mpira vya viraka. Alipokuwa akiitafuta tundu kwa kuizamisha tyubu majini, alikuwa akizungumza na mwenzake kwa Kipokomo, na nami nikawa nasikiliza bila kutaka. Nilidhani sitaelewa kitu. Baada ya dakika kumi nikagundua kwamba naelewa kama mtu anayemsikia jirani kupitia ukuta. Sentensi nzima hupotea, kisha neno moja hupita wazi kabisa. Neno la kwanza kunijia hivyo lilikuwa "muntu".

Msomaji aliyesoma isimu historia atasema: naam, kila mtu anajua hilo. Kweli. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliliandika kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 1993, wakaonyesha jinsi Kiswahili, Kipokomo, Kielwana, lugha za Mijikenda na Kingazija pamoja na ndugu zake wa Komoro zilivyo tawi moja, waliloliita Sabaki. Nilikuwa nimelifanyia mtihani jambo hilo na nikapata alama nzuri. Lakini pale kibandani, nikiwa nimekaa juu ya gogo na mikono imejaa grisi ya mnyororo, nilikuwa nalo "mtu" la vitabuni kichwani, "muchu" la bibi yangu moyoni na "muntu" la fundi masikioni, yote kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba "muchu" si upotofu wa "mtu". Mawili hayo ni watoto wa nyumba moja, na mtoto wa tatu ndiye aliyebaki kwenye uwanja wa zamani na kuitunza ile nazali ambayo sisi tumeipoteza. Fundi akaniuliza kwa nini nacheka. Nilimwambia. Akasema: "Kumbe ninyi wa baharini mmelikata neno letu." Kisha akanitoza shilingi 50.

Hapo ndipo ninapotaka kuwarudisha wahadhiri wetu. Tunapofundisha lahaja tunaweka ramani ukutani yenye rangi: hapa Kiamu, hapa Kipate, hapa Kisiu, hapa Kitikuu, na nje ya rangi hizo panabaki peupe. Mwanafunzi huondoka akiamini kwamba kuna mstari, na kwamba ukivuka mstari Kiswahili kinakwisha kama ufuo unavyokwisha. Basi huithibitisha imani hiyo, kwa sababu kwenye basi huisikii lugha ya njiani. Unaisikia redio ya dereva. Unapanda mahali pamoja, unashuka mahali pengine, na lugha mbili zinaonekana kama vituo viwili. Pikipiki nayo, ingawa imerithi jina la bodaboda kutoka kwa waendesha baiskeli wa mpakani Busia wa miaka ya 1960, haikurithi ukimya wao: injini inafunika kila sauti. Kwa miguu ungesikia vizuri, lakini joto la bonde lile na umbali kati ya kijiji na kijiji vingekuangusha siku ya pili. Baiskeli iko katikati. Inakufikisha kijiji cha pili ukiwa bado unaikumbuka sauti ya kijiji cha kwanza. Inakulazimisha kuamkia kila unayempita, maana huwezi kumpita mzee njiani kwa mwendo ule ukajifanya hukumwona. Na inapoharibika, ambalo ni jambo la hakika, inakuweka chini miongoni mwa watu ukiwa na shida, wao wakiwa na ujuzi. Sijui mbinu ya utafiti wa nyanjani iliyo bora kuliko hiyo ya kumfanya msomi awe mhitaji.

Ngao nilikaa siku mbili. Ni mahali ambapo wamisionari wa Kijerumani walifika katika miaka ya 1880 na kuanza kuiandika lugha ya Kipokomo, na Alice Werner, aliyezunguka pwani hii kati ya mwaka 1911 na 1913, alizikusanya simulizi za watu wa mtoni pamoja na zile za Lamu. Nilipelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mwembe akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka wapi na chuma hicho?"

Nikamweleza. Mkokoni hakuijua, lakini Lamu aliijua, na Wabajuni aliwajua kwa samaki. Akaniambia: "Basi wewe ni mtu wa Liyongo."

Nikajibu kwa majivuno ya mtu aliyeusoma utenzi wa Muhamadi Kijuma akauandikia tasnifu: "Sote ni watu wa Liyongo, babu."

Akaendelea kuchonga. "Ninyi mlikuwa watu wake," alisema. "Sisi tulikuwa wa kumlipa."

Sikuwa na la kusema. Katika tasnifu yangu nilikuwa nimemchambua Liyongo kama shujaa: nguvu zake, upinde wake, ujanja wa kuitoroka gereza, usaliti wa mwanawe na ile sindano ya shaba kitovuni. Nilimlinganisha na mashujaa wa mataifa mengine kama tulivyofundishwa. Sikuwa nimejiuliza hata mara moja ni nani aliyekuwa akilima mpunga uliokuwa ukimlisha shujaa. Kwa yule mzee, na kwa baadhi ya masimulizi ya mtoni niliyoyasikia baadaye, Liyongo ni jina la mtawala aliyetoka upande wa bahari na kuwatoza watu. Hakumchukia, alimtaja kama mtu anavyomtaja mamba. Nilikuwa na swali jingine kubwa la kumwuliza juu ya tanzu za fasihi simulizi. Niliona haya kulitoa.

Kutoka Ngao nilishuka kwa mtumbwi, baiskeli ikiwa imelazwa mbele, hadi Kau na Ozi, kisha Kipini. Hapa tena kuna funzo ambalo ramani ya darasani haitoi. Tunasema Tana inaingia baharini Kipini, na tunasoma kwamba Liyongo alikuwa mtu wa Ozi, tukaunganisha hayo mawili na kumweka shujaa wetu kwenye mdomo wa Tana. Lakini Ozi ulikuwa mto mwingine, mdogo, wenye njia yake. Katika karne ya 19, zama za utawala wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha mito hiyo miwili ili mitumbwi ya mazao ipite bila kuzunguka baharini. Mto mkubwa ukaupenda mfereji kuliko njia yake ya asili, ukaupanua, ukahamia humo. Mpiga mtumbwi wangu alilieleza jambo hilo kama kashfa ya ukoo, na alinionyesha kwa kasia mahali ambapo maji "yalidanganywa". Karibu na Kipini yapo magofu ya Ungwana, ambayo James Kirkman aliyachimba na kuyaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1966, na wenyeji wa pande hizo hudai kwamba kaburi la Liyongo liko kwao. Nilipewa maelekezo mawili tofauti ya mahali lilipo, na kila aliyeelekeza alikuwa na hakika.

Kuhusu safari yangu ya pili, ya kupanda mto kutoka Garsen kupitia Wenje hadi Hola, sitasema mengi. Ilikuwa joto tupu, na nusu yake niliifanya nyuma ya lori la mahindi baada ya ringi ya mbele kupinda. Itoshe kutaja kwamba Kipokomo cha juu si kile cha Ngao, kwamba mbele ya Hola wapo Waelwana ambao lugha yao ya Kibantu imekaa na Kiorma kwa karne nyingi hadi ikaonyesha alama zake, na kwamba hapo Hola, mahali ambapo mahabusu 11 waliuawa kwa virungu tarehe 3 Machi 1959, muuza chai alinihimiza nisipige picha kabla ya kunywa chai. Sikupiga kabisa.

Sasa nizikabili hoja za wapinzani, ambazo si dhaifu.

Ya kwanza ni usalama, na hiyo siwezi kuipuuza kwa kuwa ndiyo iliyonipandishia baiskeli juu ya basi. Kuna vipande vya barabara ya Lamu ambavyo hata leo singemshauri mwanafunzi avipite kwa baiskeli, lami iwepo isiwepo. Lakini bonde la Tana kutoka Minjila hadi Ngao, na kutoka Garsen kwenda juu, halipo katika hali moja na msitu wa Boni, na tumezoea kuyajumlisha yote katika neno "kule". Neno hilo linawaumiza watu wa huko zaidi ya linavyotulinda. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma kuhusu ardhi na maji, na tangu wakati huo idara nyingi zimeifuta delta hiyo katika orodha za utafiti wa nyanjani. Hali ilipotulia, hakuna aliyeirudisha. Nilipokuwa Tarasaa nilimwona Mwoma mmoja, yaani Mworma (samahani, nimelisikia jina hilo kwa matamshi mengi), akimnunulia mtoto wa Kipokomo mkate, wakabishana bei na mwenye duka kwa Kiswahili, wote watatu. Sitaki kulijengea jambo dogo kama hilo nadharia ya Kiswahili kuleta amani; mwaka 2012 Kiswahili kilikuwepo pia. Nasema tu kwamba hicho ni Kiswahili kinachotumika, nasi hatukisomi.

Ya pili ni kuhusu wanafunzi wa kike. Niliambiwa na mwenzangu mmoja, dada anayesoma mwaka wa tatu, kwamba pendekezo langu ni la wavulana. Alikuwa na haki ya kuuliza nani atalala wapi, atavaa nini na nani atakayemwuliza maswali njiani. Nilimpa jibu la haraka na akalikataa. Jibu nililonalo sasa ni lake mwenyewe: kwamba wakifuatana wanne, wakafikia katika nyumba za akina mama na siyo katika nyumba za wageni, watasikia lugha ambayo mimi sikuisikia. Nyimbo za kubembeleza watoto, kwa mfano. Lahani ya wimbo wa taifa, uliotungwa kuelekea uhuru wa mwaka 1963, ilitoka katika bembelezi la Wapokomo. Siku sita nilizopita pale hakuna mama aliyeniimbia mimi, kijana mwanamume mwenye daftari, wala sikustahili kuimbiwa. Msomi wa kike angerudi na jambo ambalo ripoti zetu zote hazina.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua. Kwamba tunakwenda kufanya starehe juu ya maisha magumu ya wengine. Februari ile mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya njia. Mwishoni mwa mwaka huo huo, na tena Aprili na Mei 2024, mafuriko yaliwahamisha watu wa vijiji vile vile. Watu hushika baiskeli pale kwa kuwa wana mikungu ya ndizi au madebe ya maji ya kupeleka. Nilimpita mama aliyekuwa akiikokota yake kwa mguu, madebe mawili kerierini, mimi nikiwa nimebeba daftari na chupa ya maji. Nilishuka nikamsaidia kusukuma hadi kwake. Sijui kama hilo lilikuwa jibu au ni aibu tu. Hata hivyo naona kwamba basi letu lenye vioo vyeusi halikuwa na adabu zaidi. Lilikuwa tu na kasi ya kutosha kutuepusha na swali.

Kwa hiyo napendekeza kwa chama, na naomba lijadiliwe katika mkutano mkuu. Ziara ya mwaka ujao isiwe ya wanafunzi 50 na basi moja. Wawe wanane, katika mwezi wa kiangazi, si wakati wa masika wala vuli ambapo mto unapanda. Baiskeli zisinunuliwe mjini. Zikodishwe kwa mafundi wa Garsen na Tarasaa, na fundi mmoja alipwe kwenda nao. Wenyeji watakaowalaza walipwe pia, kwa kiwango kitakachoandikwa, badala ya kupewa fulana zenye nembo yetu. Uongozi wa kaunti na wazee wa vijiji waarifiwe mapema. Kila mwanafunzi aandike maneno 20 tu, yale yale, katika kila kijiji atakacholala: mtu, tatu, njia, macho, kucheka na mengineyo. Kwa Kiamu ataandika "ndia", "mato", "kuteka". Mtoni atayasikia mengine. Na akirudi awe na karatasi ambayo hakuna ramani ya rangi itakayomdanganya tena. Nakala ya kila kilichorekodiwa ibaki katika shule ya kijiji husika. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, aliweza kuzihifadhi istilahi za ujenzi wa vyombo katika Sambo ya Kiwandeo kwa kuwa alivijua vyombo vyenyewe. Sisi tunataka kuhifadhi lahaja bila kuwajua wenye kuzisema.

Wapo watakaosema fedha hazipo. Nimefanya hesabu: safari ya wanane kwa siku kumi inagharimu chini ya nusu ya kodi ya lile basi. Hesabu ninayo, atakayeitaka aje.

Nilirudi Mkokoni na ile baiskeli, ikiwa ndani ya mashua juu ya magunia ya unga. Bibi yangu aliikagua viraka vyote vinne. Maneno yake nimeyaandika hapa kwa Kiswahili sanifu, na ameniruhusu.

"Hukwenda kumwona mgonjwa?"

"La, bibi."

"Wala hukununua kitu?"

"Maembe. Yameoza njiani."

"Basi ulikwendea nini?"

Nikamweleza juu ya neno la fundi. Alilirudia polepole, "muntu, muntu," kama anayeonja chumvi. Kisha akaniuliza: "Na wewe ulipowaambia 'muchu', walikuchapa?"

Nikamwambia hawakunichapa. Akasema kwamba mara nyingine nikienda nimchukue.